Jinsi ya kuipanga upya barabara hatari ya mtaani: mwongozo kamili kwa kamati za mitaa Arusha na Moshi

Mwongozo huu ni wa kamati zilizokwisha kuomba tuta mara mbili, mara tatu, bila kujibiwa. Ni wa zile pia zilizopata tuta na watu wakaendelea kugongwa. Karibu zote zinakwama palepale: barua imekwenda kwenye ofisi isiyohusika na barabara ile, haina hata kipimo kimoja, na imeomba kitu kimoja tu.

Tuta peke yake halitoshi. Kinachotakiwa ni barabara nzima ipangwe upya, ili mtoto akikosea hatua moja au dereva akizubaa sekunde moja, kosa hilo lisigeuke msiba.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Futikamba ndefu ya mita 30 au 50. Ile fupi ya fundi cherehani itawapotezea siku nzima.
- Simu mbili zenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Chokaa, kaunta buku moja, karatasi mbili za manila, penseli na kalamu za rangi tatu.
- Reflekta mbili kwa watakaopima upana wa barabara.
- Matairi chakavu kama 20, ya hatua ya majaribio. Kwa mafundi matairi hayakosekani.
- Watu sita: dereva wa bodaboda, dereva au konda wa haisi, mama anayeuza kando ya barabara, mwalimu, kijana wa kuandika, na mtu mwenye ulemavu wa kutembea au wa kuona.

Huyo wa mwisho msimwache. Mlemavu wa kiti cha magurudumu ataona ndani ya dakika tano vizuizi ambavyo sisi tumekuwa tukiviruka kwa miaka bila kuvitambua. Na bodaboda wasipokuwemo tangu mwanzo, watakuwa wa kwanza kuupinga mpango.

Mjulisheni mtendaji wa mtaa kabla ya kushika futikamba, naye awajulishe askari wa usalama barabarani. Watu wanaopima barabara bila taarifa huzua hofu ya kubomolewa nyumba, na hofu hiyo ikishasambaa hakuna atakayewasikiliza.

## Hatua ya 1: Jueni barabara ni ya nani

TANROADS inasimamia barabara kuu na barabara za mkoa. TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017, inasimamia barabara za wilaya, yaani nyingi za mitaani mjini na vijijini. Barabara kuu inayounganisha Moshi na Arusha iko TANROADS. Kichochoro cha lami kinachotoka hapo kuingia mtaani kwenu, mara nyingi ni cha TARURA.

Halmashauri ya jiji au manispaa msiisahau hata hivyo. Mambo ya machinga, vituo vya daladala, maegesho na taka yanapita kwake, na bila hayo mchoro wenu utabaki nusu.

Mmefanikiwa mkiweza kuandika sentensi moja isiyo na ubishi: barabara fulani, kuanzia duka fulani hadi msikiti fulani, urefu mita kadhaa, iko chini ya ofisi fulani.

## Hatua ya 2: Itembeeni mara tatu kwa siku

Nendeni saa 12 asubuhi, saa 9 alasiri shule zinapotoka, na saa 2 usiku. Mwezi wa Juni na Julai, Arusha bado ina giza saa 12, na mara nyingi kuna ukungu. Mtoto mwenye sweta la bluu iliyokoza haonekani kabisa mpaka taa za gari zimfikie.

Tazameni chini. Vipande vya taa na vioo vya pembeni kwenye mtaro vinaonyesha mahali magari yanapogusana. Njia nyembamba iliyokanyagwa kwenye nyasi inaonyesha mahali watu wanapovukia kweli, na mara nyingi si pale zebra ilipochorwa. Zebra ikiwa mita 80 kutoka kwenye lango la shule, watoto hawataifuata. Zebra ndiyo iwafuate watoto.

Kisha waulizeni wanaoshinda hapo. Nilipokuwa nikipita barabara moja ya Arusha na kamati yake, sisi wote tulikuwa tumeshikilia kwamba tatizo ni spidi. Mama aliyekuwa akichoma mahindi kwenye kona akatusikiliza mpaka mwisho, akageuza hindi moja kwenye mkaa, akasema: "Wanangu, hapa mtu anaanguka kila mvua ya kwanza. Spidi ni ileile siku zote." Akatuonyesha kwa koleo. Mtaa wa vumbi uliokuwa ukishuka kutoka juu ulikuwa ukimwaga udongo na changarawe juu ya lami, hasa mvua za vuli zinapoanza. Pikipiki ikikunja kona pale, gurudumu la mbele linateleza.

Dawa ya hilo ni kuweka lami au zege mita 10 hadi 15 za mwanzo za ule mtaa wa vumbi, na kuyapeleka maji kwenye mtaro kabla hayajafika barabarani. Hakuna tuta ambalo lingetibu hilo. Miji hii miwili yote imekaa kwenye miteremko ya milima, Arusha chini ya Meru na Moshi chini ya Kilimanjaro, kwa hiyo swali la maji yanatoka wapi liulizwe kila kona.

## Hatua ya 3: Pimeni

Hii ndiyo hatua inayoitofautisha barua ya malalamiko na barua ya kufanyiwa kazi. Msiiruke.

Upana. Pimeni lami, kisha kando ya kila upande, kisha mtaro, kisha hadi ukuta au uzio. Fanyeni hivyo sehemu tatu au nne, kwa sababu barabara zetu hubadilika upana kila zinapokutana na kibanda cha mtu. Andikeni pia nguzo za umeme, mifuniko ya maji na miti.

Mwendo. Pimeni mita 50 zilizonyooka, wekeni alama ya chokaa kila mwisho. Mmoja anainua mkono gurudumu la mbele likigusa alama ya kwanza, mwenzake anaanza kuhesabu, na anasimamisha saa gurudumu hilohilo likigusa alama ya pili. Chukueni 180, gawanyeni kwa sekunde mlizopata: hiyo ndiyo kilomita kwa saa. Sekunde 6 ni kilomita 30. Sekunde 4 ni kilomita 45. Sekunde 3 ni kilomita 60.

Pimeni vyombo 100, vile tu vinavyokwenda bila kuzuiwa na chombo kilicho mbele. Vipangeni kuanzia cha polepole hadi cha kasi, kisha someni cha 85. Wahandisi hutumia namba hiyo kuliko wastani, kwa sababu inaonyesha jinsi madereva wengi wanavyoisoma barabara yenyewe.

Tahadhari: wakati wa kupima mwendo vueni reflekta na kaeni kibarazani kwa duka. Dereva akiona mtu ana reflekta na kitu mkononi, anadhani ni tochi ya trafiki, anapunguza, na namba zenu zote zinakuwa za uongo.

Watu. Hesabuni kwa vipande vya dakika 15: wanaovuka, wanaotembea kando, wanaotembea juu ya lami, baiskeli, bodaboda, bajaji, maguta, haisi, malori. Kundi la wanaotembea juu ya lami liwekeeni safu yake peke yake. Kila mtu aliye juu ya lami amefukuzwa na kitu kule kando: mtaro usio na mfuniko, gari lililoegeshwa, meza ya nyanya, rundo la kokoto. Andikeni kitu gani.

Hesabu moja ya kuiweka mezani: mtoto mdogo au mzee hutembea karibu mita 0.8 kwa sekunde. Lami ya mita 7 itamchukua karibu sekunde 9. Katika sekunde hizo, gari la kilomita 50 kwa saa limekula mita 125. Je, pale wanapovukia, mtoto anaiona gari iliyo mita 125? Kama kuna kona au haisi imesimama, jibu ni hapana, na hakuna somo la "tazama kulia, kushoto" litakalomwokoa.

Ya pili ni ya breki. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwenye lami kavu na breki nzima, gari la kilomita 30 husimama ndani ya kama mita 13. La kilomita 50 linahitaji kama mita 28. Mtu akitokea mita 15 mbele, gari la kwanza limesimama. La pili ndiyo kwanza linaanza kufunga breki.

Mmefanikiwa mkiwa na ukurasa mmoja wa namba ambazo mtu mwingine akienda kupima kesho atazipata zilezile, au karibu yake.

## Hatua ya 4: Wekeni alama walipoumia watu

Kwenye manila, choreni barabara, kisha kila tukio la miaka mitatu iliyopita lipate nukta: nyekundu kifo, bluu jeraha, nyeusi ajali isiyo na jeraha. Ulizeni polisi, zahanati, shule, na kijiwe cha bodaboda. Ajali nyingi ndogo haziripotiwi, kwa hiyo kijiwe kitawapa nukta ambazo hazimo kwenye daftari lolote.

Msiandike majina ya waliofariki wala walioumia. Wana ndugu zao, na karatasi hii itapita mikono mingi.

## Hatua ya 5: Choreni barabara mpya

Anzeni kuchora kutoka pembeni kuja katikati. Tumezoea kumpa gari nafasi yake kwanza, halafu anayebaki ajitafutie. Geuzeni.

Njia ya miguu. Lengo ni upana wa mita 2, isipungue 1.5. Pasipo na nafasi, mtaro ukifunikwa kwa mifuniko ya zege unakuwa njia. Zege, si chuma, kwa sababu mfuniko wa chuma huishia kwa wauza vyuma chakavu na shimo linabaki likisubiri mguu. Kila njia inaposhuka kuvuka mtaa, wekeni mteremko wa kiti cha magurudumu: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za kwenda mbele.

Upana wa lami. Lami ya mita 7 kwa njia mbili mtaani inamwambia dereva akimbize. Njia ya mita 3 inatosha kwa haisi na lori la taka. Mita 6 za magari, mita 1 inarudi kwa waenda kwa miguu, na mwendo wenyewe unashuka kabla hata ya tuta.

Kivuko. Kiwekeni kwenye ile njia iliyokanyagwa mliyoiona. Kizuri kabisa ni kivuko kilichoinuliwa: tuta refu lenye bapa juu, na zebra juu ya bapa. Dereva anapunguza, mtu anavuka bila kushuka mtaroni, na mwenye kiti cha magurudumu anapita. Mita 10 kabla ya kivuko pasiegeshwe kitu, wala haisi isishushe hapo. Mtoto anayetokea mbele ya haisi iliyosimama ndiye nukta nyekundu niliyoiona mara nyingi kuliko nyingine zote. Kituo kihamishiwe mbele ya kivuko, gari likishavuka, ili abiria wavuke nyuma ya gari na waonekane.

Barabara ikiwa na njia nne, wekeni kisiwa cha kusubiria katikati, upana mita 2, kinachomtosha mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi. Avuke nusu, apumue, avuke nusu ya pili.

Kona. Kona iliyochongwa kwa duara kubwa inamruhusu bodaboda kukunja bila kupunguza. Ikazeni. Hii ni kazi ya rangi na mawe machache ya kingo, bei ndogo, na kamati chache sana huikumbuka.

Matuta. Sasa ndiyo yaje. Tuta la mviringo lenye urefu wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10 linashusha mwendo hadi karibu kilomita 30. Moja peke yake halisaidii, maana dereva analivuka kisha anafidia. Yapangeni kila mita 80 hadi 120. Njia ya haisi na magari ya wagonjwa ipewe yale ya bapa refu. Rasta, yaani vituta vyembamba vya mfululizo, zitumike kumwamsha dereva kabla ya kivuko, lakini si mbele ya nyumba za watu, kwa kelele zake usiku.

Tahadhari kubwa: tuta lisilo na rangi wala kibao huua mwendesha pikipiki usiku. Na msijenge tuta la udongo au mawe wenyewe, hata kama kuna msiba jana yake na hasira iko juu. Ni kosa kisheria kuharibu au kuzuia barabara, na mtu akianguka hapo mkono wenu umo.

Maji. Kila tuta ni bwawa dogo. Mtaro upite pembeni yake bila kuzibwa, au bomba lipite chini ya kivuko kilichoinuliwa. Mkiacha upenyo wa maji pembeni mwa tuta, bodaboda wataupita huo kwa kasi ileile, basi wekeni nguzo fupi hapo.

Kuhusu nguzo fupi, tuelewane. Zinazuia gari na bajaji kupanda njia ya miguu. Pikipiki hazizuiwi, kwa sababu nafasi inayomtosha mtu wa kiti cha magurudumu inatosha pia usukani wa pikipiki. Kinachofaa kwa bodaboda ni kijiwe chao kuchorwa rasmi: nafasi ya pikipiki nane au kumi, yenye kivuli, karibu na kituo, nje ya mita 10 za kivuko. Wakiwa na mahali pao, wanapalinda.

Meza za mama lishe na machinga nazo zichorwe, ng'ambo ya mtaro au upande wenye kando pana. Mchoro unaojifanya hawapo utadumu wiki mbili.

Mmefanikiwa mama wa mahindi akiutazama mchoro na kuonyesha kwa kidole atakapokaa.

## Hatua ya 6: Jaribuni kwa chokaa na matairi

Ombeni kibali cha maandishi kwa mwenye barabara, na askari wa usalama barabarani awepo. Chagueni Jumamosi moja, saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Pakeni matairi rangi nyeupe, jazeni udongo, yapangeni kuonyesha njia mpya ya miguu na kona zilizokazwa. Zebra ichorwe kwa chokaa.

Pimeni mwendo upya kwa mita zilezile 50. Tazameni lori la taka na haisi vikikunja kona. Vikipanda juu ya matairi, kona imekazwa kupita kiasi: irekebisheni hapohapo na muiandike.

Ondoeni kila kitu kabla giza halijaingia. Tairi moja likisahauliwa barabarani usiku, mtakuwa mmetengeneza ajali kwa mikono yenu.

## Hatua ya 7: Barua na kalenda

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na bajeti inasomwa bungeni kati ya Aprili na Juni. Barua ya Mei imekwisha kuchelewa mwaka mzima. Lengeni ifike kabla ya Novemba, ikiwa imepita mkutano wa mtaa na kamati ya maendeleo ya kata, na diwani ana nakala mkononi.

Igaweni barua sehemu mbili: kazi ndogo zinazoweza kuingia kwenye matengenezo ya kawaida (rangi, vibao, nguzo fupi, mifuniko), na kazi za ujenzi. Mkichanganya, ndogo zitasubiri kubwa. Mwanzo wake uwe hivi:

*YAH: OMBI LA KUPANGWA UPYA BARABARA YA … KUANZIA … HADI … (MITA 420)*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tumepima vyombo 100 tarehe … na 15 kati ya hivyo vilizidi kilomita … kwa saa mbele ya lango la shule. Ndani ya saa moja walivuka watu …, kati yao watoto … Kati ya watu kumi wanaotembea, … wanatembea juu ya lami kwa sababu mtaro hauna mifuniko. Tunaomba A: … na B: … Mchoro, picha na matokeo ya majaribio vimeambatanishwa.*

Mnaweza kutaja kwamba Azimio la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani linataka kilomita 30 kwa saa pale watu na magari wanapochanganyika. Na akitokea wa kusema haya ni ya Ulaya, mwambieni ya Dar es Salaam: mpango wa SARSAI wa shirika la Amend umejenga njia za miguu, vivuko, matuta na nguzo kwenye shule za msingi ambako watoto wako hatarini zaidi, kwa vifaa vya kawaida kabisa, ukapewa tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019.

Pelekeni barua kwa mkono, igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Kisha ombeni siku ya mhandisi kuja kuitembea barabara, na siku hiyo iwe ya shule, saa 12:30 asubuhi. Msimpeleke saa 5 kukiwa kweupe na kutulivu.

## Hatua ya 8: Ujenzi ukianza

Mteueni mtu mmoja wa kamati awe hapo kila siku na nakala ya mchoro. Vitu vitatu ndivyo hupotea kimyakimya: mteremko wa kiti cha magurudumu, bomba la maji chini ya kivuko, na rangi. Fundi akisema rangi itakuja baadaye, ombeni tuta lisifunguliwe mpaka ipakwe, au lifungwe vibao vya muda vinavyong'aa usiku.

Idara ya maji na ya umeme ziulizwe kabla ya lami mpya kumwagwa. Inauma kuona njia ya miguu ya miezi miwili ikichimbwa kwa ajili ya bomba ambalo lingewekwa mapema.

Baada ya mwezi mmoja, rudini na simu zenu mbili kwenye zile mita 50. Chombo cha 85 kikiwa kilomita 30 au karibu yake, na safu ya wanaotembea juu ya lami ikiwa karibu tupu, kazi imeshika. Kisha subirini mvua kubwa ya kwanza, vaeni mabuti, mkasimame kwenye kivuko. Mkiona maji yametuama kwenye bapa, au udongo umeanza kushuka tena kutoka mtaa wa juu, pigeni picha palepale mvua ikinyesha na ipelekeni kwa meneja wa ofisi yenye barabara siku hiyohiyo, kabla jua halijakausha ushahidi.